Pikipiki kubwa ya mtumba: Ichunguze kabla hujaipanda

Huenda wapo watakaoshangaa kuona safu ya afya inazungumzia pikipiki. Lakini ugonjwa hauingii nyumbani kwa mbu na maji machafu peke yake. Siku hizi huingia pia kwa magurudumu mawili, na mara nyingi umelipiwa fedha taslimu.

Siku moja baada ya Isha dada yangu alinipigia simu. Akasema, "Kaka, njoo uzungumze na mpwa wako. Ameleta pikipiki ambayo akiiwasha vikombe vinatikisika kabatini. Mimi silali." Nikamwomba awe na subira mpaka Jumamosi asubuhi, nikampitia rafiki yangu mmoja, fundi wa siku nyingi, tukaenda naye Temeke.

Tulichokikuta uani ni Suzuki GSX-R750, toleo la 2006, iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika. Rangi inang'aa, kiti cha mbele kipana, cha nyuma kidogo mithili ya mto wa mtoto. Kijana ana umri wa miaka 24 na ana duka lake la vifaa vya simu. Kabla ya hapo aliendesha bodaboda kwa miaka mitatu na hakuwahi kuanguka, alhamdulillah. "Mjomba, pikipiki naijua," akaniambia. Kusema kweli hilo ndilo lililonitia wasiwasi kuliko ule mngurumo.

Bodaboda ya CC 125 ina nguvu za farasi 10 hivi. Hii ya mpwa wangu inakaribia 150, na uzito wake haufiki kilo 200. Gia ya kwanza peke yake inaweza kuvuka kilomita 100 kwa saa, wakati sheria yetu inaruhusu 50 tu kwenye makazi ya watu. Mkono uliozoea kukamua moto wote ili bodaboda ipande kilima cha mchanga, ukifanya hivyo hivyo hapa, gurudumu la mbele linaweza kuinuka kabla mwenyewe hajajua alichofanya.

Breki nazo ni hivyo hivyo. Waendesha bodaboda wengi wamezoea kukanyaga breki ya mguu, ya nyuma. Kwenye pikipiki kubwa ya aina hii sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha hufanywa na breki ya mbele, ile ya mkono. Ukiikanyaga ya nyuma kwa hofu, tairi linafunga na kuteleza. Ukiikamata ya mbele kwa ghafla juu ya mchanga au mafuta ya dizeli yaliyomwagika kituoni, unalala chini. Inahitaji mkono uliofundishwa upya, taratibu, mahali pasipo na watu.

Wenzetu wameliona hili. Nchini Japani, zinakotengenezwa nyingi ya pikipiki hizi, inayozidi CC 400 ina leseni yake ya pekee. Uingereza kijana hapewi leseni ya pikipiki isiyo na mpaka wa nguvu kabla ya miaka 24, isipokuwa amekaa miaka miwili na leseni ya ngazi ya kati, hapo anaweza kuipata akiwa na 21. Maoni yangu, na nilimwambia mpwa wangu waziwazi, ni kwamba angeanza na pikipiki ya kati, CC 250 au 400, akae nayo japo mwaka mmoja. Lakini alikwishanunua, na muuzaji wa mtumba harudishi fedha.

Basi tukaanza kuikagua. Rafiki yangu fundi hakuiwasha kabisa. Alichuchumaa kwanza kwenye tairi.

Mpwa wangu akasema kwa furaha kuwa tairi ni mpya, kashata bado nzima. Kweli, kashata zilikuwa nzima. Fundi akapangusa vumbi pembeni ya tairi la nyuma, akamwonyesha maandishi DOT na mwishoni mwake tarakimu nne: 3211. Maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2011. Tairi lilikuwa limesimama tu miaka yote hiyo, pengine kwenye banda la mtu. Mpira ukikaa muda mrefu hukauka na kuwa mgumu hata kama haujatembea hata kilomita moja. Ukilikunja kidogo unaona nyufa nyembamba kama za kisigino kilichokauka. Tairi la namna hiyo halishiki barabara, hasa mvua ya kwanza inapoosha vumbi na mafuta juu ya lami. Kijana akanyamaza.

Naomba msomaji uizingatie namba hiyo, kwani ni bure kuisoma na haihitaji fundi. Tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililofika miaka mitano linahitaji kuangaliwa kwa makini kila mara, na la miaka kumi litolewe hata kama linapendeza.

Baada ya hapo yakafuata mengine. Mafuta ya breki kwenye kikopo chake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na breki zikipata moto ule unyevu hugeuka mvuke, ukibana mkono unaingia mpaka mwisho na pikipiki haisimami. Yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Cheni ilikuwa inakaza sehemu moja na kulegea nyingine. Kisha fundi akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia, akatazama pale unapogota kwenye fremu. Upande mmoja palikuwa pamebonyea na kupakwa rangi juu yake. "Hii iliwahi kuanguka vibaya," akasema. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba haijawahi kugusa chini.

Sipendi kumlaumu mtu nisiyemjua, huenda naye aliuziwa hivyo. Ila ukweli wa mtumba ndio huo. Ganda la plastiki ni rahisi kulibadilisha, na fremu iliyopinda inajificha chini yake. Ikibidi kununua, nenda na fundi asiyepata chochote kwa muuzaji, na fedha zibaki mfukoni mpaka aseme yeye.

Sasa tuje kwenye mwili wa binadamu, ambao hauna ganda la kubadilisha.

Kugonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka karibu mita 10, yaani ghorofa ya tatu hivi. Kwa kilomita 100 si mara mbili yake bali mara nne, karibu mita 40. Na kwa mwendo huo, katika sekunde moja ambayo jicho linaona na mkono haujabana breki, umeshapita mita 28. Mfupa wa paja ukivunjika unaweza kumwaga damu lita moja au zaidi ndani ya nyama za mguu bila tone kuonekana nje, na mtu mzima ana lita tano hivi tu. Ndiyo maana majeruhi anayesema "sijambo, ni mguu tu" hatakiwi kupelekwa nyumbani kukandwa.

Yapo pia madhara ya polepole. Pikipiki hizi humlaza mpandaji mbele, uzito wa kifua unaangukia viganja, na shingo inakunjwa kwenda juu. Mpwa wangu, kwa siku nne alizoipanda, alikiri kuwa viganja vinamuuma anapoviweka chini kwenye sajda. Dawa yake si kupaka mafuta ya kuchua. Inatakiwa kubana tangi kwa magoti ili tumbo na mgongo vibebe uzito, kulegeza mikono, na kushuka kujinyoosha kabla ganzi haijaingia vidoleni. Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika apelekewe daktari.

Masikio nayo yasisahauliwe. Kelele za upepo ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa barabara kuu, huzidi desibeli 90, na sikio huanza kuumia linapokaa muda mrefu kwenye 85. Vizibo vya sponji vya masikioni ni vya bei ndogo. Usikivu uliopotea haurudi.

Muuzaji alikuwa amempa na helmeti ya bure. Dada yangu aliifurahia hiyo kuliko kitu kingine chochote. Nasikitika kwamba ndiyo niliyoikataa kwa nguvu zaidi. Si kwamba helmeti haina faida. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini ndani ya lile ganda kuna tabaka la povu gumu, mfano wa lile linalofungashiwa televisheni. Hilo ndilo linalokiokoa kichwa, kwa kupondeka lenyewe, na likishapondeka halirudi. Helmeti ya mtu mwingine hujui ilishaangukia wapi. Halafu hii ilimpwaya. Ukiivaa na kutikisa kichwa, helmeti isicheze, na ukiwa umefunga mkanda isitoke kwa kuisukuma kutoka nyuma.

Lipo na suala la usafi. Kitambaa cha ndani hunyonya jasho na mafuta ya nywele, na kwa joto la Dar es Salaam hupata harufu ndani ya wiki. Wanaovaa helmeti moja watu wengi huambukizana mapunye na chawa. Kitambaa kikiwa kinatoka, kifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kila baada ya wiki mbili, ukianike kivulini kikauke kabisa. Kisichotoka, kipanguse kwa kitambaa chenye sabuni hiyo hiyo. Usitumie petroli wala thina, kwani huliyeyusha lile povu. Abiria avae kofia nyepesi au kilemba chepesi cha pamba chini yake, kifuliwe kila siku. Dada zetu wenye ushungi wauvae uliobana kichwani, pini zisikae chini ya helmeti.

Nikiwa hapo hapo kwenye mavazi, kanzu na baibui havipandi pikipiki hii. Cheni iko wazi na inazunguka kwa kasi, pindo likinaswa humvuta mtu chini kabla dereva hajasikia kelele. Kijana avae suruali nzito, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, glavu na koti, hata kama ni joto, na kanzu aibebe begini. Kile kiti kidogo cha nyuma, kwa maoni yangu, kiondolewe tu.

Mafuta machafu ya injini yasizoeleke kwenye ngozi. Yana kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi zikigusana nayo kwa miaka mingi. Wapo wanaonawa kwa petroli, nayo huikausha ngozi mpaka ikapasuka na kupata ukurutu. Paka mafuta ya kula kidogo, sugua, kisha osha kwa sabuni ya unga na maji. Kila mwenye kutia udhu anajua kuwa grisi iliyoganda haipitishi maji, hivyo asingoje adhana ndipo akumbuke mikono.

Petroli isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa asilazimishwe kutapika, kwani ikipita mapafuni ni hatari kuliko tumboni, akimbizwe hospitali. Na wale wanaoingiza pikipiki ukumbini usiku kwa kuogopa wezi, wasiiwashe humo kuipasha moto. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua waliolala. Jiko la mkaa lisikae chumba kimoja nayo.

Ikitokea ajali, tuache ile tabia ya kumshika majeruhi mikono na miguu na kumtupia kwenye bajaji. Kama anapumua vizuri, helmeti asivuliwe na asiyejua. Kama hapumui, mmoja ashike shingo na kichwa visigeuke, mwingine avute helmeti taratibu. Panapotoka damu pabanwe kwa kitambaa safi, hata khanga. Asinyweshwe maji wala soda, huenda akahitaji upasuaji.

Mpwa wangu alikasirika siku ile, nami sikumlaumu. Baada ya wiki mbili alinipigia simu mwenyewe. Amenunua tairi mbili na helmeti, mafuta ya breki yamebadilishwa, na ile fremu imepelekwa kupimwa, bado hajapata majibu. Mpaka ayapate pikipiki haitoki uani, na kwa sasa anakwenda dukani kwa daladala. Wakimwambia ni nzima, fundi amekubali kumfundisha breki ya mbele Jumapili alfajiri, kwenye kiwanja kitupu.

Zile tairi za 2011 kuna mtu alikuja kutaka kuzinunua, dada akakataa. Amezijaza udongo mpaka juu, maji yasituame yakazalisha mbu, akapanda mchaichai.