Karatasi Iliyochomwa Nashville

Ukiwatajia watu wa Pwani nyimbo za kantri za Wamarekani, wengi watakwambia hizo ni starehe za wenzetu wa bara, wapenzi wa Jim Reeves na Kenny Rogers. Sikatai. Lakini mwaka 1975 wenye nyimbo hizo waligombana juu ya jambo ambalo kila aliyekulia katika ushairi na taarabu analijua: wimbo ni wa nani, na ni nani aliyepewa ufunguo wa kumfungia mwenziwe mlango?

Chanzo chake kilikuwa mwaka mmoja nyuma. Mwaka 1974 Chama cha Muziki wa Kantri, chenye makao yake Nashville katika jimbo la Tennessee, kilimpa tuzo ya mwimbaji bora wa kike Olivia Newton-John, bibi aliyezaliwa Uingereza na kulelewa Australia. Wakongwe wakaona wamedharauliwa. Mwezi wa Novemba wakakusanyika nyumbani kwa George Jones na mkewe Tammy Wynette, wakaunda chama chao cha kuulinda muziki usitekwe na nyimbo za pop. (Nyumba yenyewe haikudumu, wawili hao walitalikiana mwaka 1975.)

Basi ukafika usiku wa tarehe 13 Oktoba 1975. Charlie Rich, aliyeshinda tuzo kubwa kuliko zote mwaka uliotangulia, alipanda jukwaani kumtangaza mrithi wake. Akafungua bahasha, akatoa kibiriti, akaitia moto ile karatasi mbele ya kamera za televisheni. Kisha akamtaja mshindi: rafiki yake John Denver. Naye Denver, aliyeonekana kwa setilaiti kutoka Australia, alishukuru kwa adabu, hana habari ya moto.

Kila mtu akaufasiri moto ule apendavyo. Wako waliosema Rich alimkataa Denver kwa kuwa si mtoto wa kantri. Wako waliosema ni dawa alizokuwa akitumia, zimechanganyika na ulevi, na mwanawe amemtetea kwamba hakukusudia kumvunjia mtu heshima. Mimi langu ni jingine. Rich mwenyewe alitoka katika jazi na rokenroli, na nyimbo zilizompatia jina mwaka 1973 zilikuwa laini kama hariri. Kama ni kukaguana pasi, naye angerudishwa mpakani. Hata banjo, ambayo wengi huiona ndiyo roho ya muziki huo, asili yake ni Afrika, ilivuka bahari pamoja na watumwa. Huku kwetu marehemu Juma Bhalo aliazima mahadhi ya filamu za Kihindi akayavisha maneno ya Kimvita, na Mombasa ikamwita wake.

Hali ya kuwa walinzi wamesimama mlango wa mbele, mali ilikuwa ikiingia kwa uani. Mwezi wa Januari mwaka ule ule Willie Nelson aliingia studio ndogo mjini Garland, Texas, pamoja na dada yake Bobbie kwenye piano na wapigaji wachache, akarekodi santuri aliyoiita Red Headed Stranger. Ni kisa kimoja kinachosimuliwa kwa nyimbo nyingi, mfano wa utenzi: mhubiri anaachwa na mkewe, anamwua yeye na hawara yake, kisha anatangatanga juu ya farasi na mzigo wa dhambi. Hakuna fidla ishirini, hakuna kibwagizo cha waimbaji wa nyuma. Wakubwa wa kampuni waliposikiliza walidhani ni majaribio tu, kazi yenyewe bado. Lakini mkataba ulimpa Nelson neno la mwisho, ikatoka vivyo hivyo. Wimbo mmoja ndani yake, Blue Eyes Crying in the Rain, ulitungwa na Fred Rose miaka ya arubaini. Ndio uliomfikisha Nelson nafasi ya kwanza kama mwimbaji, naye ana miaka 42. Kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa kuwatungia wengine. Waama mshairi akisikiliza kazi ile husikia nafasi aliyoachiwa msikilizaji, na hiyo ni elimu ngumu kuliko kujaza.

Loretta Lynn naye alitoa The Pill, juu ya mke aliyechoka kuzaa kila mwaka. Stesheni nyingi zilikataa kuupiga, wanawake wakaununua. Aliyeutunga hakuwa yeye, lakini aliyajua. Alipata watoto wanne kabla hajapita umri wa miaka ishirini.

Lakini ninayemkumbuka zaidi mwaka ule ni Baldemar Huerta, Mmarekani wa asili ya Meksiko kutoka San Benito, Texas, aliyejipa jina la Freddy Fender kwa kuazima chapa ya gitaa. Alifungwa jela ya Angola, Louisiana, kwa kupatikana na bangi, na alipotoka akawa fundi wa magari. Mwaka 1975 Before the Next Teardrop Falls, aliouimba sehemu kwa Kiingereza na sehemu kwa Kihispania, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri na ya pop pia. Usiku ule ule wa karatasi kuchomwa, wimbo huo ulipewa tuzo ya santuri bora ya mwaka, na hakuna aliyewasha kibiriti. Fender alifariki mwaka 2006. Tangi la maji la San Benito limechorwa sura yake.