Je, Wajua? Sauti ya Kongo Ndani ya Kompyuta

Je, wajua kwamba mkazi wa mtaa wa Mabanga jijini Goma, Kaskazini au Kusini, anaweza kukaa nyumbani na kompyuta yake ikamsomea maandishi ya Kiswahili bila intaneti na bila kulipa hata faranga moja? Programu huria ya Piper, iliyotengenezwa na Michael Hansen, ina sauti za lugha nyingi. Tafuta Kiswahili katika orodha yake na utakuta sauti yenye alama sw_CD. Herufi hizo mbili za mwisho ni za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa sisi tuliozoea kuona Kiswahili cha huku kikitajwa mwisho, au kisitajwe kabisa, hilo si jambo dogo.

Faili la sauti hiyo lina megabaiti zipatazo 60. Ukishalipakua, hununui tena mega za kulitumia. Piper iliundwa iweze kufanya kazi hata kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta inayoenea kiganjani, kwa hiyo laptopu ya miaka mingi inatosha. Umeme ukikatika, itaendelea kusoma mpaka betri iishe.

Ndani ya Piper mna programu nyingine iliyoitangulia kwa miaka mingi: eSpeak. Jonathan Duddington alianza kuiandika mwaka 1995 kwa ajili ya kompyuta za Acorn za Uingereza, na mwaka 2015 Reece Dunn akaanzisha tawi lake liitwalo eSpeak NG. Kazi yake ndani ya Piper ni kugeuza herufi kuwa matamshi, kisha mtandao wa neva, yaani programu iliyojifunza kutokana na sauti zilizorekodiwa, huyapa sauti ya mtu. Ikiachwa peke yake, eSpeak husema kwa sauti kavu ya mashine, kwani mawimbi yake mengi hukokotolewa kwa hesabu. Lakini ni nyepesi na haina uvivu, ndiyo maana imo ndani ya NVDA, kisoma-skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Mwanafunzi asiyeona wa Goma akiwa na kompyuta ya Windows, hapo ndipo pa kuanzia.

Kiswahili ni rahisi kwa mashine, maana kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Tayari mwaka 2005 Mucemi Gakuru wa Nairobi na wenzake walieleza mfumo wao wa Kiswahili uliojengwa juu ya Festival, programu huria ya Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Kinachoikwaza Piper ni mazungumzo yetu ya kila siku, yenye Kifaransa katikati. Andika “rendez-vous” ndani ya sentensi ya Kiswahili, nayo italisoma kwa kanuni za Kiswahili, kila herufi na sauti yake. Andika “randevu”, na jirani yako wa Mabanga ataelewa mara moja.