Kitabu cha Fildi Kisiishie Kwenye Mhuri

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Tanzania huanza kujifunza kazi kabla hajavaa joho. Wakati wa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, hupangiwa ofisi, kiwanda, shamba au hospitali, akapewa na kitabu cha kujaza kila siku. Hapo ndipo elimu ya ajira ingepaswa kushika mizizi, lakini ndipo wengi wanapoipoteza.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa uhasibu anayeandika: “Jumatatu: nilisaidia kazi za ofisi. Jumanne: kama jana.” Msimamizi anasaini, mhuri unagongwa, alama zinapatikana. Akifika kwenye usaili na kuulizwa uzoefu wake, hana la kusema zaidi ya kutaja cheti.

Siku ileile ingeweza kuandikwa hivi: “Nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Hundi mbili hazikuonekana benki kwa sababu waliolipwa walikuwa hawajaziwasilisha. Niliandaa maelezo, mhasibu akayapitia.” Sasa msaili anaona kazi, tatizo, hatua na matokeo.

Wahandisi wameliwekea jambo hili utaratibu. Tangu 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inaendesha mpango wa mafunzo kazini uitwao SEAP. Kwa miaka 3, mhitimu hufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, akiweka kumbukumbu za kazi zake, ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Nguvu ya mpango huu iko kwa huyo msimamizi mwenye wajibu wa kufuatilia na kurekebisha. Madaktari nao wana mwaka wao wa mafunzo hospitalini. Mhitimu wa sosholojia au lugha hana ngazi kama hiyo. Kwake yeye, wiki chache za fildi ni mali.

Kwa hiyo vyuo visingoje muhula wa mwisho kuitisha semina ya kuandika wasifu. Mwanafunzi afundishwe kuandika kumbukumbu za kazi kabla hajaenda fildi. Mhadhiri anayekwenda kumkagua asiridhike na saini; achague siku moja kitabuni, amwambie aieleze kwa mdomo. Mwajiri naye ampe walau kazi moja ya kuanza na kuimaliza mwenyewe. Hatua hizi hazihitaji bajeti mpya. Zinahitaji watu wazima wanaochukulia wiki zile chache kwa uzito uleule wanaoupa mtihani.