Sebule Nyembamba: Viti Visizibe Hewa

Kabla hujaendelea kusoma, beba ndoo ya maji utembee kutoka mlangoni mwa sebule yako hadi ukuta wa mwisho. Kama umelazimika kupita ubavu, au goti limegonga meza, maneno haya ni yako.

Sebule ndefu na nyembamba si kosa la fundi. Katika nyumba za mawe za Unguja na Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, na kwa kawaida haukuzidi mita 3. Vijijini nako miti ya kuezekea hutubana vivyo hivyo. Kwa hiyo kuta tuziache, tuhamishe viti.

Tupige hesabu. Chukua sebule yenye upana wa sentimita 250. Kochi hula kama sentimita 80 kutoka ukutani. Ukipanga makochi pande zote mbili yakitazamana, yamekula 160, zimebaki 90. Weka katikati meza yenye upana wa 50, na kila upande zimebaki 20 tu. Hapo wageni waweke miguu, na hapo hapo bibi apapase njia usiku akienda chooni. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena.

Basi panga makochi kwenye ukuta mmoja tu. Upande wa pili uwe njia, wazi kutoka mlango wa mbele hadi wa uani. Mwisho wa chumba weka viti viwili vyepesi vikielekea makochi, ili watu waonane wanapozungumza. Meza kubwa iondoke, stuli ndogo itatosha chai. Wageni wakizidi, tandika mkeka. Najua kochi ni heshima ya nyumba, na pengine liliondoka na mbuzi wawili, lakini mkeka hukunjwa na kochi halikunjwi.

Sasa tazama madirisha. Chumba kirefu kina shida ya hewa, kwa kuwa mara nyingi kina dirisha huku mbele na jingine kule mwisho. Ukiliziba moja kwa kabati au mgongo wa kochi, hewa haipiti tena. Inasimama, na watu wanaivuta ile ile. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri hivyo: mgonjwa akikohoa, huelea hewani kwa saa nyingi katika chumba kilichofungwa. Upepo huvipunguza, na jua huviua. Kwa hiyo mbele ya dirisha pasiwe na kitu kirefu, na mapazia yafunguliwe mchana.

Kama nyumbani yupo anayekohoa, asifukuzwe barazani kama mkosaji. Angalia upepo unaingilia dirisha lipi na kutokea lipi, kisha kiti chake kiwe karibu na lile la kutokea. Watoto wachanga wakae mbali naye. Kikohozi kikifika wiki mbili, aende kituo cha afya apimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na dawa kwa kawaida hunywewa miezi 6 bila kukatiza, hata akijiona amepona.

Jiko la mkaa lisiingizwe sebuleni kwa sababu ya baridi. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala wasiamke. Nyuma ya makochi nako sogeza ufagie kila wiki, maana mbu hupenda kujificha gizani humo mchana.

Ukimaliza kupanga, pima njia uliyoiacha. Iwe sentimita 90, watu wawili waweze kumbeba mama mjamzito kwenye machela usiku wa manane, bila mtu kuanza kutafuta pa kusogezea meza.