Juisi ya Maembe na Pesheni kwa Matumizi ya Nyumbani

Karibu na mwisho wa kila mwaka, miembe ya mikoa ya Pwani na Tabora huzaa kwa wingi. Soko hujaa, bei hushuka, na maembe mengi huishia kuoza chini ya mti. Wakati huo huo, katika nyumba zile zile, fedha hutolewa kununua vinywaji vya unga vilivyotiwa rangi na sukari. Hasara hiyo ni ya mara mbili, nayo yaweza kuepukwa kwa kazi ya nusu saa.

Rangi ya dhahabu ya embe bivu si pambo tu. Mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo hulinda macho na kusaidia kupambana na maradhi. Pesheni na ndimu zina vitamini C, ambayo huuwezesha mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani. Chai inywewayo pamoja na chakula huipunguza faida hiyo. Kwa hiyo yafaa juisi ichukue nafasi ya chai wakati wa mlo, hasa kwa kina mama na watoto, ambao husumbuliwa zaidi na upungufu wa damu.

Mahitaji ni haya: maembe makubwa 3 yaliyoiva, pesheni 6, ndimu 1, na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa.

Kwanza, mikono, vyombo na matunda vioshwe kwa maji safi. Pili, maembe yamenywe, yakatwe na kupondwa kwa mwiko mpaka yalainike. Tatu, pesheni zipasuliwe na kukamuliwa katika chujio. Mbegu zisisagwe, kwani hutia uchungu. Nne, vyote vichanganywe na maji, kisha ndimu ikamuliwe juu yake. Juisi isichemshwe, maana moto huharibu vitamini C. Maembe yakiwa yameiva vema, sukari haihitajiki.

Juisi inywewe siku ile ile. Barafu iliyogandishwa kwa maji yasiyochemshwa isitiwe, kwa sababu yaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe juisi, na mwenye kisukari apate kwanza ushauri wa daktari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 huihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari zinazopaswa kupunguzwa. Basi glasi moja ndogo kwa siku yatosha, na tunda zima huliwa kwa faida kubwa zaidi.

Makatibu wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya kabla ya msimu kuanza. Chama kitakachopenda kutengeneza juisi ya kuuza kitimize kwanza masharti ya afya na viwango, kwani maelezo haya ni ya matumizi ya nyumbani tu.