Tuilinde Miti ya Podo

Ndugu wasomaji wa Nyamigogo, huko Missenyi, mpakani na Uganda, upo msitu wa Minziro. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka eneo hilo. Vita vikaisha, msitu ukabaki.

Ndani yake mna podo, ndugu wa mbali wa paini. Kwa kawaida podo humea milimani. Hii ya Minziro humea bondeni. Mto Kagera ukijaa, maji huingia msituni. Misitu ya namna hiyo ni michache sana duniani.

Mbao za podo ni nzuri, ndiyo maana wenye misumeno huitafuta. Lakini hukua polepole. Ukiangusha leo, wa kuvuna mwingine ni mjukuu wako.

Sisi nasi tumeona. Mwaka 1994 wakimbizi walipofika Ngara, miti mingi iliishia jikoni. Basi, kuni tupande wenyewe. Na ukisikia msumeno hifadhini, mwarifu mwenyekiti wa kijiji.