Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Chanzo

Watu husema ajali haina kinga. Neno hili humfariji aliyepatwa na msiba, lakini lisitumiwe kufumba macho. Mtu akiumia kazini, mara nyingi twauliza swali moja tu: "Nani mwenye makosa?" Akipatikana, hukemewa au hufukuzwa, na shauri likaisha. Baada ya muda mwingine huumia mahali pale pale, kwa kitu kile kile.

Mfugaji hafanyi hivyo na mifugo yake. Mbuzi akifa, hamlaumu mbuzi. Huuliza: Jana alichungwa wapi? Alikunywa maji gani? Je, wenzake wana dalili? Huko ndiko kutafuta chanzo, na kazi hiyo yafaa kwa watu pia.

MAMBO YA GARISSA, 2006

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Kaskazini Mashariki. Kambi ya Ifo, iliyofunguliwa mwaka 1991 karibu na Dadaab, ilifurika maji hata watu wakahamishwa. Mwezi wa Desemba wagonjwa wenye homa kali, wengine wakitokwa na damu, walionekana Garissa. Waganga na mabwana mifugo waliuliza kila mgonjwa alikuwa amefanya kazi gani siku zilizotangulia. Wakaona kwamba wengi walikuwa wamegusa wanyama wagonjwa: wamechinja, wamechuna ngozi, wamekamua, au wamemsaidia mnyama kuzaa.

Sasa tazama jinsi maswali yanavyofuatana. Kwa nini mchinjaji aliugua? Damu ya mnyama mgonjwa ilimgusa. Kwa nini mnyama aliugua? Aliumwa na mbu mwenye virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Mbu hao wote walitoka wapi? Mayai yao huweza kukaa miaka katika udongo mkavu wa mabondeni, na mafuriko huyaangua. Kwa nini mifugo haikuwa na kinga? Chanjo ilikuja baada ya ugonjwa kwisha kuenea.

Hapo tumefika mahali panapoweza kutengenezwa. Kumlaumu mchinjaji kusingemwokoa mchinjaji wa pili. Kuchanja mifugo kabla ya mafuriko, kuacha kuchinja mnyama mgonjwa, na kutogusa mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, hayo huokoa. Katika Kenya watu zaidi ya 150 walikufa kwa ugonjwa ule.

Na jambo moja tusilisahau. Wafugaji wa Kisomali huujua ugonjwa huu kwa jina la sandik, yaani kutoka damu puani. Waliona mbu wamezidi na mimba za mifugo zikitoka kabla watu hawajaanza kuugua. Basi mwenye kazi ndiye wa kuulizwa kwanza.

MASHINE YA UNGA

Tuseme katika soko la Ifo kijana anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga. Kikoi chake kinakamatwa na ukanda, mguu unavunjika. Watu wanasema, "Mzembe, alisogea mno." Wewe usikome hapo. Kwa nini ukanda haukuwa na kifuniko? Kiliondolewa. Kwa nini kiliondolewa? Ukanda huteleza kila siku, na kukifungua na kukifunga hupoteza wakati, huku akina mama wamepanga foleni na nafaka zao. Kwa nini huteleza? Umechakaa. Kwa nini haukubadilishwa? Hakuna aliyepewa kazi ya kuukagua, wala fedha za kununua mwingine hazikutengwa. Ukimfukuza kijana, ukanda ule ule utamngoja atakayekuja.

FANYA HIVI

1. Zima mashine, kisha mhudumie aliyeumia. Hayo ndiyo ya kwanza.

2. Usisogeze kitu mpaka umekwisha kutazama, kupiga picha na kuandika.

3. Waulize walioona, mmoja mmoja, siku ile ile, kwa upole. Anayeogopa kufukuzwa hatasema kweli.

4. Endelea kuuliza "Kwa nini?" mpaka ufike kwenye jambo unaloweza kulitengeneza. Neno "uzembe" si mwisho wa maswali; ni mwanzo wake.

5. Andika nani atatengeneza nini, na kwa siku gani. Siku hiyo ikifika, rudi ukatazame kwa macho yako.

6. Andika pia ajali zile ambazo nusura zitokee. Kikoi kilichochanika leo bila mtu kuumia kinakuonya juu ya mguu wa kesho.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yamtaka mwajiri kumjulisha ofisa wa usalama kazini wa eneo lake ajali inapotokea. Mtu akifa, habari hiyo ipelekwe katika saa 24, na taarifa ya maandishi katika siku 7. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama. Hata ukiwa na mfanyakazi mmoja tu, maswali ni yale yale.

Kifuniko cha ukanda hugharimu kipande cha bati na misumari michache ya parafujo. Mguu wa kijana hauuzwi dukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo, kabla hujawasha mashine yako, izunguke mara moja, na umwulize anayeifanyia kazi ni kitu gani kinachomtia hofu.